Kabla Hamjayamwaga Maji Yale

Hotuba kwa madaktari wa watoto, wauguzi na wataalamu wa maabara

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliotangulia kuzungumza, wauguzi wa wodi za watoto, na ninyi wenzetu wa maabara ambao kwa kweli ndio niliowajia leo: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nimepewa mada inayotisha kidogo: dalili za kinga ya mwili ndani ya maji ya mgongo, yale yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, ya watoto wenye maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita MS. Nimeona wachache wenu wakitazamana. Swali lenu nalijua. MS si ugonjwa wa Wazungu? Na kwa watoto tena?

Ni adimu kwetu, sibishi. Shirikisho la kimataifa la vyama vya MS linakadiria watu wapatao milioni 2.9 duniani, na kati yao watoto wasiopungua 30,000. Wengi wanaishi mbali na ikweta. Lakini mimi sikuja kuwaomba mkatafute MS kwenye kila kitanda. Nimekuja kwa sababu ya maji. Mtoto akifika na homa, shingo ngumu, degedege, miguu isiyobeba, au jicho lililozima ghafla, sisi ni wepisi wa kumtoa maji ya mgongo, na tunafanya vizuri, kwa sababu homa ya uti wa mgongo haingoji. Maji tunayo. Tukishahesabu seli, tukapima protini na sukari, tukaotesha na hakikuota kitu, tunaandika kwamba yako safi, na yaliyobaki yanakwenda kwenye sinki. Humo kwenye sinki ndimo mnamopotelea majibu ya mtoto yule ambaye hakuwa na bakteria hata mmoja.

Nianze na kinachotokea. Nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo zimefunikwa na utando wa mafuta, mayelini, unaofanya ujumbe uende kasi. Katika MS, kinga ya mwili inaushambulia utando huo, leo hapa, baada ya miezi pale. Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu kwa ufasaha mwaka 1868 pale hospitali ya Salpêtrière, Paris, akiwa na macho yake na maiti za kupasua. Maji ya mgongo hakuyaona kwa mgonjwa aliye hai, maana sindano ya mgongoni ilikuja baadaye, mwaka 1891, kwa mkono wa Heinrich Quincke kule Kiel, Ujerumani. Na wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa watoto wenye maji mengi kichwani. Kwa hiyo msimwache mtu awaambie kwamba kipimo hiki ni cha watu wazima tulichokiazima.

Mwaka 1942, Elvin Kabat na wenzake jijini New York walipitisha umeme katika maji ya mgongo ili protini zake zitengane. Kwa wagonjwa wa MS, na kwa wale ambao kaswende ilikuwa imewaingia ubongoni, walikuta kundi moja la protini limezidi: gama globulini, yaani zile zenye kingamwili. Na ziada ile haikulingana na iliyomo kwenye damu. Ilikuwa inatengenezwa mlemle ndani, nyuma ya ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Kila tunachopima leo katika MS kwa njia ya maji kinasimama juu ya hoja hiyo moja.

Sasa wenzangu wa maabara, twendeni kwenye jeli.

Kipimo kinachoaminika zaidi ni kile cha mistari ya oligokloni. Unachukua maji ya mgongo ya mtoto, na damu yake iliyotolewa siku hiyohiyo. Seramu, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na seli zake, unaizimua sana, mara mia kadhaa, mpaka kiasi cha IgG, aina kuu ya kingamwili za damuni, kilingane na kile cha kwenye maji. Unaziweka bega kwa bega juu ya jeli ambayo asidi yake inabadilika hatua kwa hatua kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Ukiwasha umeme, kila kingamwili inatembea mpaka ifike mahali ambapo chaji yake ni sifuri, na hapo inasimama. Kisha unahamishia kwenye karatasi maalumu, unaipaka rangi inayoshika IgG peke yake, na unatazama.

Kwa mtu mzima wa afya utaona ukungu uliotandaa, bila mstari. Kingamwili zake ni za aina maelfu na kila moja imesimama kivyake, kama sokoni saa nne asubuhi: kelele unaisikia, sauti ya mtu mmoja huisikii. Katika MS, familia chache za seli B, zile seli nyeupe zinazozaa kingamwili, zimejikita ndani ya ubongo na utando wake, zinatoa kingamwili zilezile bila kukoma, na pale juu ya ule ukungu inajitokeza mistari myembamba, mieusi, yenye kingo kali. Ukikuta miwili au zaidi kwenye maji ambayo haimo kwenye damu, umepata jibu: kuna kinga inayofanya kazi ndani.

Mistari ikionekana pande zote mbili, na inalingana moja kwa moja, hiyo si habari ya ubongo. Ni kingamwili za damuni zilizovuja kuingia. Kwetu sisi hili ni muhimu kuliko kwa wenzetu wa Ulaya. Watoto wanaokulia kwenye malaria, minyoo na maambukizi ya kila msimu wana IgG nyingi zaidi damuni. Ukipima maji peke yake ukaona IgG imepanda, ukakimbilia kuandika ugonjwa wa ubongo, utakuwa umesoma malaria ya mwaka jana. Ndiyo maana nasema, na nitalisema tena kabla sijashuka hapa: maji bila damu ya siku hiyohiyo ni nusu ya kipimo.

Maabara isiyo na jeli ile bado ina hesabu ya kufanya. Inaitwa fahirisi ya IgG, na inataka mashine ya kupima protini tu. Tuseme mtoto ana albumini gramu 40 kwa lita kwenye damu na gramu 0.2 kwenye maji. Gawanya: 0.005. Albumini hutengenezwa kwenye ini, ubongo hauitengenezi, kwa hiyo uwiano huo unakuonyesha ukuta unavuja kiasi gani. Sasa IgG yake damuni ni gramu 10, na kwenye maji ni 0.07. Gawanya: 0.007. Igawe hiyo kwa ile ya kwanza, unapata 1.4. Kikomo cha kawaida ni takriban 0.7. Kingamwili zake zimezidi kile ambacho kuvuja peke yake kungeeleza, na si kidogo. Hapo hakuna kitendanishi cha ajabu. Kuna kikokotoo, na mtu aliyekumbuka kutuma damu. Tahadhari ni moja: fahirisi inakosa wagonjwa ambao jeli ingewakamata, kwa hiyo ikiwa ya kawaida usiifanye hukumu.

Juu ya hayo kuna kipimo kipya kidogo, cha minyororo mepesi ya kapa. Seli inapotengeneza kingamwili hutoa vipande vya ziada, na vipande hivyo hujaa kwenye maji. Mashine inavipima kwa dakika chache, haihitaji jicho la fundi kuhesabu mistari. Vigezo vya McDonald, ambavyo madaktari wa neva duniani hutumia kuthibitisha MS, viliipa mistari ya oligokloni uzito mkubwa katika toleo la mwaka 2017, na toleo la 2024 limekubali kapa pia. Nadhani kwa hospitali zetu kapa ndiyo itakayofika kwanza, kwa sababu mashine zenyewe tunakaribia kuwa nazo kwa ajili ya kazi nyingine za figo na saratani ya uboho.

Hapa sasa ndipo mtoto anapoachana na mtu mzima, na nitakaa kidogo.

Kijana wa miaka 14 au 15 mwenye MS, maji yake yanafanana na ya mtu mzima: seli nyeupe chache, kwa kawaida chini ya 50, nyingi ni limfosaiti, na mistari ipo. Madaktari wa Göttingen, Ujerumani, walioandika mwaka 2004 kuhusu watoto zaidi ya 130, waliikuta mistari kwa takriban 9 kati ya kila 10. Lakini mtoto mdogo, chini ya miaka 11, ni habari nyingine. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika shambulio la kwanza maji ya hawa wadogo yana nyutrofili nyingi zaidi, zile seli ambazo sisi tumezoea kuziona kwenye maambukizi ya bakteria. Na fahirisi ya IgG ilikuwa imepanda kwa karibu theluthi moja tu yao, wakati kwa wakubwa ilikuwa theluthi mbili.

Tafakarini maana yake wodini. Mtoto wa miaka minane, maji yana seli kidogo, kuna nyutrofili, kuotesha hakujatoa kitu. Tunampa antibiotiki, seftriaksoni, siku kumi, anapata nafuu, anakwenda nyumbani. Dawa haikukosewa, ningempa na mimi. Ila nafuu ile huenda haikuletwa na seftriaksoni. Mashambulio ya MS ya mtoto yana tabia ya kutulia yenyewe, na kwa mtoto yanatulia vizuri kuliko kwa mkubwa. Miezi sita baadaye anarudi na mguu mzito, anapokelewa na daktari mwingine, faili limepotea, na maji ya kwanza yalishamwagwa.

Inaonekana kinga ya mtoto huanza na askari wa kawaida, wale wa mbele, kabla seli B hazijajenga kambi ndani ya ubongo. Kambi zikishajengwa hazibomolewi kirahisi. Hata dawa kama rituksimabu, inayozifuta seli B kwenye damu, kwa kawaida haifuti mistari kwenye jeli, kwa sababu seli zilizokomaa za kutoa kingamwili hazina tena alama ambayo dawa inaitafuta. Kwa hiyo mistari ikikosekana kwa mtoto mdogo leo, inaweza kuwepo baada ya mwaka. Ikishakuwepo, inakaa.

Lakini kukosekana kwake kuna maana ya pili, ambayo kwangu ni nzito zaidi. Kuna ugonjwa unaofanana na MS kwa sura, nao kwa watoto wadogo unatokea zaidi: ule wa kingamwili dhidi ya MOG, protini iliyo juu kabisa ya utando wa mayelini. Mtoto anapoteza macho yote mawili kwa mpigo, au anachanganyikiwa na kusinzia baada ya mafua. Maji yake mara nyingi yana seli, wakati mwingine nyingi kuliko za MS, ila mistari ya oligokloni kwa kawaida haipo. Vigezo vya kimataifa vya ugonjwa huu vilitoka mwaka 2023, na kipimo chake kikuu kinafanywa kwenye damu. Watoto wengi wa kundi hili hupata shambulio moja tu na basi. Mwingine ana kingamwili dhidi ya akwaporini 4, protini inayopitisha maji kwenye seli za ubongo, na huyo ukimpa baadhi ya dawa za MS, kama intaferoni beta, unaweza kumzidishia. Majina haya matatu yana dawa tofauti na maisha tofauti mbele yake. Mistari ikiwepo, inakuvuta kuelekea MS. Isipokuwepo kwa mtoto wa miaka saba, jibu la kwanza kichwani mwako liwe: nani amepeleka damu ya MOG?

Na mistari ikiwepo, msishangilie haraka. Jeli haikwambii mtoto ana ugonjwa gani. Inakwambia kinga iko kazini humo ndani. Kaswende ya ubongo inaitoa mistari, VVU inaweza, na ule ugonjwa wa kikatili unaofuata surua miaka mingi baada ya vipele, SSPE, unaitoa kwa wingi. Kutofautisha huo na MS kuna njia nzuri mno. Ukipima kingamwili za surua kwenye maji na damu ya mtoto mwenye SSPE, utazikuta zimejaa upande wa maji, za surua peke yake. Kwa mwenye MS utakuta za surua, na za rubela, na za tetekuwanga, mbili au zote tatu, kila moja kidogo kidogo. Virusi hivyo havimo ubongoni. Seli zilizowahi kufundishwa na chanjo au ugonjwa zimeingia humo na zinazungumza yale ya zamani. Katika ugonjwa wa MOG hali hiyo ni nadra. Kwa nchi ambako surua bado inarudi kila baada ya miaka michache, mimi ningekiweka kipimo hiki juu kabisa.

Niruhusuni niende Uganda kidogo. Kuna kisa cha maji yaliyonusurika kumwagwa.

Mwezi Desemba 1963 kipande cha uvimbe wa mtoto wa Uganda, ile saratani aliyoieleza daktari Denis Burkitt pale hospitali ya Mulago, Kampala, kilisafirishwa kwa ndege kwenda London kwa mtafiti Anthony Epstein. Ukungu ulikuwa umeufunga uwanja, ndege ikapelekwa Manchester. Kifurushi kilipomfikia, maji yaliyohifadhi kipande kile yalikuwa yamechafuka. Mtu yeyote wa maabara angesema bakteria wameingia, akayatupa. Epstein aliweka tone chini ya hadubini. Uchafu ule ulikuwa seli hai za uvimbe zilizojitenga na kuelea. Kutokana na seli za namna ile, mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr.

Mnaona ninakoelekea. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard waliofuatilia kundi la wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 walionyesha kwamba kuambukizwa kirusi hicho kunazidisha hatari ya kupata MS mara 32. Mwaka huohuo, wenzao wa Stanford walichukua seli B kutoka kwenye maji ya mgongo ya wagonjwa wa MS, wakasoma kingamwili zinazotolewa na seli hizo, na kukuta moja inayoshika protini ya kirusi kile na pia protini ya ubongo iitwayo GlialCAM. Kingamwili moja, shabaha mbili. Watoto wetu wengi huambukizwa kirusi hiki wakiwa bado wananyonya au wanatambaa. Ulaya wengi wanakipata ujanani. Mimi naamini umri huo una uzito katika kueleza kwa nini sisi tuna wagonjwa wachache, na naamini jibu litapatikana kwenye maji ya watoto wa huku.

Sasa wazazi. Wauguzi, hili mnalijua kuliko mimi. Neno likishatoka kwamba mtoto anachomwa mgongoni, bibi anapiga simu kutoka kijijini: usikubali, atapooza. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Daktari, yule wa kitanda cha pembeni alitolewa maji jana, leo kafa." Na ni kweli alikuwa amefariki, kwa homa ya uti wa mgongo iliyochelewa kufika hospitali. Mimi huwa nakaa chini, namwonyesha mama kwenye mgongo wangu mwenyewe. Uti wenyewe kwa mtoto mkubwa unaishia huku juu, karibu na usawa wa mbavu za mwisho. Sindano inaingia huku chini, kwenye usawa wa mfupa wa nyonga, ambako kuna nyuzi za neva zinazoelea na kusogea. Maji tunayotoa ni kidogo, na mwili unayarudisha ndani ya saa chache. Kichwa kinaweza kumuuma siku mbili tatu. Mama akielewa hivyo, mara nyingi anamshika mtoto mwenyewe wakati wa kuchoma, na mtoto anatulia kuliko tukimshika watu wanne.

Mama huyo amekubali jambo zito. Anastahili tuyatumie maji yale mpaka tone la mwisho.

Wapo watakaoniuliza: tukishajua ni MS, halafu? Zamani swali hili lilikuwa na haki. Mwaka 2018 majaribio ya dawa ya MS iitwayo fingolimodi kwa watoto 215 wa miaka 10 hadi 17 yalionyesha mashambulio yamepungua kwa asilimia 82 ukilinganisha na intaferoni. Bei yake najua. Ila mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za MS kwenye orodha ya dawa muhimu kwa mara ya kwanza, na mojawapo ni rituksimabu, ambayo wenzetu wa saratani wameizoea na kopi zake za bei nafuu zipo.

Basi nimalizie kwa utaratibu ninaouomba, na mkiona una kasoro mniambie kwenye maswali. Mtoto mwenye dalili za ubongo, jicho au miguu, akitolewa maji, atolewe na damu ndani ya saa hiyo. Tyubu ya seli ikimbizwe. Baada ya saa moja seli zinaanza kufa na hesabu inadanganya. IgG haina haraka hiyo, inavumilia friji ya kawaida siku kadhaa na friza muda mrefu. Kwa hiyo mililita moja ya maji na moja ya seramu vitengwe, viandikwe jina na tarehe, vilale kwenye friza pamoja, mpaka majibu ya kuotesha yatoke na daktari aseme anavihitaji au la. Hata kama jeli iko nchi nyingine, sampuli hizo zinasafirishika. Kwenye fomu andikeni umri wa mtoto, na kama amekwishapewa steroidi, dawa za kutuliza kinga, maana steroidi inashusha seli na inaweza kushusha fahirisi, ingawa mistari kwa kawaida inabaki. Na msomaji wa majibu aambiwe kama damu iliingia kwenye maji wakati wa kuchoma, kwa sababu hapo hesabu zote zinayumba.

Friza najua si kila hospitali inayo nafasi. Kwa hilo nimeshazungumza na mwenyekiti pembeni, na ameniambia tulijadili baada ya chai.

Asanteni kwa kunisikiliza. Maswali nayapokea, na naomba ya maabara yatangulie.